Mwalimu Mgeni Aingiapo Darasani



Wengi wenu mkaao Arusha mjini, na Tengeru, na Usa River, na katika mitelemko yote ya Meru, mmezoea sasa kuwaona vijana watokao Ulaya na Marekani wakija kufundisha Kiingereza katika shule zetu. Wengine huletwa na makanisa rafiki, wengine na vyama vya kujitolea, na wengine hujileta kwa nauli yao wenyewe. Mara nyingi twaulizwa na wazazi na wazee wa usharika: mgeni kama huyu tumpokeeje, naye siku yake ya kwanza aifanyeje? Tumeona vema kulinena jambo hili mwezi huu, kwa kuwa siku ile ina mambo mengi kuliko watu wadhaniavyo, na ikiharibika, si mgeni apataye hasara. Yeye atapanda ndege arudi kwao. Mwenye hasara ni mtoto.

Kwanza, yafaa mgeni aikute shule imefunguliwa. Likizo kubwa ya Ulaya na Marekani ni wakati wa jua lao, kati ya mwezi wa sita na wa nane, na vijana wengi huja wakati huo. Walakini shule zetu hufungwa mwezi wa sita, hata mwezi wa saba uanze. Hivyo mtu husafiri maelfu ya maili, akafika na chaki zake na picha zake, akakuta mbuzi wanalisha uwanjani na mlinzi amekaa peke yake mlangoni. Barua moja kwa mwalimu mkuu ingetosha kuondoa taabu hiyo.

Tena kuna habari ya saa. Sisi twahesabu saa za mchana tangu kupambazuka, wao wahesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tulipata kumwona mmoja aliyeambiwa afike saa moja. Alifika adhuhuri imepita, amevaa vizuri, amejaa furaha, naye mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kumkatia tamaa tangu asubuhi. Basi wenyeji, mwambieni mgeni wenu saa zote mbili, yetu na yake, mkamwandikie na karatasini.

Na maamkio. Vijana hawa hufundishwa Kiswahili chao cha kwanza na watembezaji wa watalii pale mjini, na neno la kwanza wapewalo ni "Mambo". Neno hilo halina ubaya kwa vijana wenzi. Lakini mgeni aingiapo ofisini mwa mwalimu mkuu mwenye mvi, akamwambia "Mambo", watu wote chumbani huinamisha nyuso ili wasicheke. Heri angefundishwa "Shikamoo" kabla ya jambo lingine lolote, na kwamba atakapoamkiwa hivyo na watoto aitikie "Marahaba". Upande wa Waarusha yuko mtoto atakayemjia akiinamisha kichwa mbele yake bila kusema neno. Hajaona haya, wala hakupoteza kitu chini. Angoja kuguswa utosini, kama ilivyo desturi ya kwao mtoto amwamkiapo mkubwa. Mgeni asiyejua humpita, na mtoto husimama pale na kichwa chake kimeinama.

Sasa tuingie darasani. Katika shule nyingi za serikali si ajabu kukuta watoto 70 au zaidi katika chumba kimoja, watatu au wanne dawati moja, na kitabu kimoja kati yao. Mgeni aingia. Wote wasimama kwa mshindo, na kwa sauti moja wasema: "Good morning, teacher!" Awauliza hali, nao wamjibu kwa sauti moja kwamba ni wazima na wanamshukuru. Afurahi sana. Aeleza somo lake kwa dakika kumi, haraka haraka kama asemavyo na nduguye nyumbani, kisha awauliza kama wameelewa. Darasa zima laitika: "Yes, teacher!" Mgeni aandika katika daftari yake kwamba somo limekwenda vizuri.

Ndugu wasomaji, neno hilo "Yes" ndilo twataka kukaa nalo kidogo. Katika darasa tulilokalia nyuma siku moja, pale mitelemkoni, tuliwauliza watoto wawili wa dawati la mwisho, kwa Kiswahili, mwalimu amesema nini. Mmoja alisema, "Alisema habari za mvua." Mwenziwe alisema, "Hapana, ni habari za treni." Maneno hayo mawili ya Kiingereza, mvua na treni, hufanana sana sikioni mwa mtoto wetu. Somo lilikuwa habari za treni. Wote wawili walikuwa wameitika "Yes" kwa nguvu kuliko wote.

Je, watoto wale walisema uongo? Sisi hatudhani hivyo. Mtoto aliyelelewa vema hamwambii mkubwa wake mbele ya watu kwamba maneno yake hayakueleweka. Kwake hiyo ni kumwaibisha. "Ndiyo, mwalimu" yake maana yake ni kwamba nimekusikia, nami nakuheshimu. Ndiyo sababu hata macho yake huyaelekeza chini asemeshwapo, na mgeni hudhani ana hila, kwani kwao mtoto asiyemtazama mtu usoni huonekana anaficha jambo. Juu ya hayo lugha yenyewe yamtega. Sisi tukiulizwa, "Hamkuelewa?" twajibu, "Ndiyo", yaani ndivyo, hatukuelewa. Mwingereza aulizapo vivyo hivyo akajibiwa "Yes", yeye asikia kwamba wameelewa. Mwalimu auliza kwa unyofu, mtoto ajibu kwa unyofu, na kila mmoja aondoka na maana yake. Tumemaliza miaka mingi katika shule zetu kwa namna hiyo.

Mgeni mwenye busara basi haulizi kama wameelewa. Humwambia mtoto: nionyeshe, chora, simama mlangoni, mpe mwenzio kitabu, sema jambo hili kwa maneno mengine. Hapo huona mara moja nani yuko pamoja naye na nani amebaki njiani.

Kuna mitego mingine midogo ya siku ya kwanza. Mgeni aangusha chaki, na watoto kumi wasema pamoja, "Sorry, teacher!" Yeye ashangaa, wao wamekosa nini? Hawakukosa. Wamempa pole, na neno lile la Kiingereza ndilo walilofundishwa kuwa ni pole. Mtoto aeleza habari za mamaye, naye amtaja kwa neno la kiume, maana katika Kiswahili mama "amekuja" na baba "amekuja", hatutengi. Mtoto ataka kuazima kalamu, naye ageuza neno la kuazima na la kuazimisha, kwa kuwa kwetu huyu aazima kwa mwenziwe na mwenziwe amwazima. Kosa kama hilo halitoki katika uvivu. Mtoto amepitia mlango wa lugha yake, mlango pekee alio nao. Mwalimu akijua hayo hatakasirika. Asipojua atasahihisha kosa lile lile miezi mitatu asifike mahali.

Tusidhani kwamba habari ya mgeni kuja kufundisha Meru ni ya jana. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili vijana wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wazaliwa wa nchi za Baltiki, walifika Akeri kuanza kazi. Hawakuishi hapo ila siku chache tu. Askari wa Wadachi walikuwa wamepiga kambi si mbali, na wapiganaji wa Arusha na Meru hawakupambanua kati ya mtu aliyekuja na Kitabu na mtu aliyekuja na bunduki. Wageni wale waliuawa usiku wa kuamkia tarehe 20, pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao, ambao majina yao hayatajwi sana, nasi twaona si haki. Kisha yalifuata mashambulio ya kulipiza kisasi, na vijiji viliteketezwa, na ng'ombe wakachukuliwa wengi. Hayo nayo hayana budi kusemwa. Kazi ilianza tena Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Wamisionari wa Leipzig walikuwa na desturi ya kuhubiri na kufundisha katika lugha za wenyeji, kwa hiyo iliwapasa kukaa chini kwanza kama wanafunzi, wakiuliza jina la hiki na jina la kile, wakichekwa na watoto. Mzungu aliyechekwa na watoto kwa kukosea neno alikuwa amekwisha kuwa jirani.

Wageni wa leo nao wana mahali pa kuanzia. Pale Usa River kiko chuo cha Wadenmaki kilichofunguliwa mwaka 1967, ambako watu wengi wa mataifa wamejifunza Kiswahili kabla ya kwenda kazini. Mgeni aliyepitia mafunzo ya namna hiyo hata wiki mbili, hujulikana siku ya kwanza kabla hajamaliza salamu.

Labda mwasema: lakini sisi twataka Kiingereza, hatukumwita aje kujifunza Kiswahili. Ni kweli, nasi hatuwalaumu. Watu wa Meru wana sababu ya kukitaka kuliko wengi. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapata 3,000 kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Watu walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapelekwa mpaka New York kunena shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja naye mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Kiswahili hakikuwamo katika lugha rasmi za Umoja ule. Basi mzee wa Meru atakapo mjukuu wake ajue Kiingereza, hataki pambo la shingoni. Akumbuka kwamba liko baraza la mbali ambako mashamba ya watu huamuliwa, na mtu asiyeijua lugha ya baraza hilo husemewa na wengine.

Na leo haja iko karibu zaidi kuliko New York. Tangu miaka ile ya Azimio la Arusha shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya masomo. Kisha mtoto avuka likizo moja tu, aingia kidato cha kwanza, akuta hesabu, na elimu ya viumbe, na jiografia, na historia, vyote kwa Kiingereza. Hupewa wiki chache za kuzoezwa. Mtoto aliyekuwa mtu wa mbele darasa la saba huketi kimya, akinakili ubaoni maneno asiyoyaelewa, naye akiulizwa hujibu "Yes". Wengine hukaa hivyo miaka minne. Wazazi husema mtoto amekuwa mzito wa akili. Akili yake ni ile ile ya mwaka jana.

Shule nyingine zimeweka kibao mlangoni chenye amri ya kusema Kiingereza peke yake, na mwenye kukosa huadhibiwa. Sisi hatukipendi kibao hicho. Mtoto akatazwaye lugha aijuayo, wala hajapata nyingine, hapati Kiingereza kwa amri, apata ububu. Na mgeni ajapo siku ya kwanza, akasikia kimya kile, hudhani ni adabu njema. Mnakumbuka habari za Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12, jinsi watu wa Efraimu walivyojulikana kivukoni kwa herufi moja, wakafa 42,000. Kicheko cha darasa juu ya mtoto aliyesema "l" mahali pa "r" hakimwui mtu, lakini twamjua mtoto aliyechekwa mwezi wa kwanza asiinue mkono tena mpaka mwisho wa mwaka. Mwalimu mgeni na akosee yeye kwanza. Na asome sentensi tatu za Kiswahili mbele yao, nao wamsahihishe. Watacheka, naye acheke nao, kisha awape zamu yao.

Twalo neno kwa wazazi juu ya mwalimu wetu mwenyeji wa Kiingereza. Huyu amefundisha miaka mingi kwa mshahara mdogo, na mvua ikinyesha hutembea matopeni kwa miguu. Siku ajapo mgeni, watoto humkimbilia mgeni, na wazazi husema, "Sasa tumepata mwalimu wa kweli." Tulisikia maneno hayo yakisemwa mwenyewe akiwapo. Mambo haya si haki, wala si kweli. Mgeni anayo lugha mdomoni, hatukatai; lakini mwenyeji aijua njia, kwa kuwa aliipita kwa miguu yake. Yeye ajua kwa nini mtoto humwita mamaye kwa neno la kiume. Yeye ajua "ndiyo" ya kweli na "ndiyo" ya heshima kwa kusikia sauti tu. Tena wageni wenyewe hawasemi namna moja: huyu ni Mskochi, yule Mmarekani, na yule Mdenmaki aliyejifunza Kiingereza shuleni kama sisi. Mmarekani huandika maneno kadha wa kadha kwa herufi za kwao, na shule zetu hufuata maandishi ya Uingereza. Ni nani atakayemwambia mtoto herufi ipi aiandike katika mtihani, kama si mwalimu wake wa siku zote?

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba waingie darasani wawili. Mgeni asome kwa sauti, mwenyeji aulize. Mgeni azungumze na kikundi cha watoto kumi chini ya mti, mwenyeji akibaki na wengine. Jioni wakae pamoja na madaftari. Tena mgeni akaaye chini ya muhula mmoja asipewe darasa peke yake kamwe, hata akiwa mwema kama malaika. Tumeona darasa la mtihani likibadilishiwa walimu watatu katika mwaka mmoja, kila mmoja akianza upya na majina ya matunda na rangi. Watoto walizijua rangi vizuri sana. Kwenye mtihani hawakuulizwa rangi.

Na asigawe pipi na kalamu siku ya kwanza. Twajua afanya kwa upendo. Lakini ziko njia hapa kwetu ambako watoto wamekwisha kujifunza sentensi moja tu ya Kiingereza, nayo ni ya kuomba kalamu, na kila mgeni apitaye huamkiwa kwa sentensi hiyo. Kama ana zawadi ampe mwalimu mkuu, ziingie katika kabati la shule.

Nanyi mama zetu mtakaompa chakula, msimpikie kila siku kama siku ya harusi. Mpeni ndizi na maharagwe kama mlavyo wenyewe, na mumwache mtoto wa nyumbani amweleze kwa Kiingereza chake kilichovunjika jinsi ndizi zinavyomenywa na kupikwa. Jikoni hakuna kibao wala watu 70 wa kucheka. Tumeona mtoto aliyekuwa bubu darasani akisema jikoni kwa nusu saa, mikono yake ikisaidia, naye mgeni amekaa juu ya kigoda akiuliza, "Kisha?"

Sharika zilizopokea mwalimu mgeni mwaka huu, twaomba mtuandikie kabla ya mwisho wa mwezi. Hatutaki hotuba ya kumkaribisha. Twataka kujua swali la kwanza ambalo mtoto alimwuliza mwalimu huyo kwa hiari yake, na ilikuwa siku ya ngapi tangu afike. Tutayachapa maswali hayo katika ukurasa huu, Mungu akitujalia, pamoja na habari tulizoahidi za kutengeneza vitanda vya mboga wakati wa kiangazi.